Nilipie waranti ya ziada kwa kompyuta za steshenari yangu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafungua steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimepewa bei ya kompyuta mbili za mezani kwa shilingi 1,200,000 kila moja, laptopu moja ya shilingi 1,800,000 na printa ya matangi ya wino ya shilingi 750,000. Vyote ni vipya na vina waranti ya mwaka mmoja. Muuzaji anasema nikiongeza asilimia 15 ya bei, waranti ya vyote itafika miaka mitatu, na kwamba ofa hiyo ni ya siku ya kununua tu. Karakana yao iko Dar es Salaam. Hapa Dodoma wana duka la mauzo. Nichukue au niache?

JIBU: Ndugu msomaji, asilimia 15 ya mzigo wako wote ni shilingi 742,500, yaani karibu sawa na bei ya printa yenyewe. Kwa kompyuta mbili za mezani na kwa printa, ushauri wangu ni kwamba usilipe. Kwa laptopu, jibu linategemea mambo mawili ambayo muuzaji anapaswa kukuandikia kabla hujatoa fedha: matengenezo yatafanyika wapi, na nauli ya mashine kwenda na kurudi itakuwa juu ya nani.

Kwanza tuone unauziwa nini hasa. Mwaka wa kwanza umeshaulipia ndani ya bei ya kifaa, kwa hiyo zile shilingi 742,500 ni za mwaka wa pili na wa tatu peke yake. Vifaa vya kielektroniki vina tabia inayofahamika kwa mafundi: kama kuna kasoro ya kiwandani, sehemu kubwa ya kasoro hizo hujitokeza mapema, katika wiki na miezi ya mwanzo, wakati sehemu dhaifu zinapopata moto na kupoa mara nyingi kwa mara ya kwanza, kisha hufuata kipindi kirefu cha utulivu, halafu, mashine inapozeeka, uchakavu huanza kuleta hitilafu za aina nyingine. Waranti ya bure inashika kipindi cha mwanzo. Waranti ya ziada inashika kwa kiasi kikubwa kile kipindi cha utulivu, na inakwisha kabla uzee wenyewe haujafika. Muuzaji analifahamu hilo, na ndiyo maana anaweza kuiuza kwa faida bila kukudanganya neno hata moja.

Pili, na hili kwa mtu wa Dodoma ndilo zito zaidi, waranti karibu zote zinafunika kasoro za kiwandani peke yake. Hazifuniki umeme uliopanda ghafla, chai iliyomwagika kwenye kibodi, laptopu iliyoanguka kutoka kwenye bodaboda, kioo kilichopasuka kwa sababu mtu alifunga mfuniko kalamu ikiwa juu ya kibodi, wala virusi na matatizo ya programu. Betri nayo mara nyingi huwekewa muda wake, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja, hata pale mashine nyingine yote inapokuwa na miaka mitatu. Sasa jiulize ni nini kinachoua kompyuta katika mji huu. Kwa ninavyoziona zikiletwa mezani kwangu, ni umeme na vumbi kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme wetu ni wa volti 230, na chaja nyingi za laptopu za siku hizi zimetengenezwa kupokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme kuwa mdogo haziujali sana. Hatari kubwa iko pale umeme unaporudi baada ya kukatika, unapokuja kwa kishindo na kupiga kila kilichoachwa kwenye soketi. Ukiifungua pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) iliyopigwa namna hiyo, unakuta kapasita, yaani kikopo kidogo cha kuhifadhi chaji, imevimba kichwani au imepasuka kabisa, kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi kwa ndani, na ile harufu kali ya kuungua haihitaji mtu aelezwe. Fundi wa waranti akishaona hivyo anapiga picha, anaandika kwenye fomu kwamba ni hitilafu ya umeme, na dai lako limeishia hapo, iwe ulilipia mwaka mmoja au mitatu.

Vumbi linafanya kazi yake polepole zaidi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu hakuna, upepo wa Dodoma mnaufahamu, na fremu nyingi za Ng'ong'ona zimeelekea barabara ambayo magari yanapita yakitimua udongo. Feni ya kompyuta inavuta hewa hiyo kutwa nzima. Nikifungua kompyuta ya mezani iliyokaa dukani mwaka mmoja bila kusafishwa, katikati ya feni na zile bati za kupoozea prosesa, yaani chipu inayofanya kazi zote za kompyuta, nakuta tabaka jekundu limeshikamana kama zulia dogo, ambalo unaweza kulinyanyua kwa vidole likatoka zima. Hewa haipiti tena, prosesa inapata joto, mashine inajipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye duka analalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito na pengine inahitaji kuongezwa ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Hapa ndipo waranti ya ziada inapogeuka kuwa mzigo badala ya msaada. Maduka mengi hubandika stika ndogo juu ya skrubu ya boksi, yenye jina la duka na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na masharti yao yanasema stika ikichanika waranti imekufa. Kwa mwaka mmoja unaweza kuvumilia: unapuliza kwa blowa kupitia matundu ya nje na kuweka mashine juu ya meza badala ya sakafuni. Kwa miaka mitatu ya vumbi la Dodoma, kutoifungua kompyuta ya mezani kabisa ni kuiua kwa mkono wako mwenyewe ili kulinda karatasi ambayo, itakapokufa kwa joto, itaitwa ushahidi kwamba hukuitunza. Kama muuzaji anasisitiza kuuza miaka mitatu, mwambie aandike kwamba usafishaji wa ndani utafanyika kwenye duka lake la hapa Dodoma angalau mara mbili kwa mwaka bila malipo. Akikubali hilo kwa maandishi, nitalitazama upya jibu langu.

Kuna sababu nyingine inayozihusu kompyuta za mezani. Karibu kila kilichomo ndani yake kinachomoka na kubadilishwa kwa bisibisi: pawa saplai, ramu, diski, feni, hata madabodi, yaani lile bodi kuu linalounganisha vyote. Vipuri vya kawaida vinapatikana hapa hapa mjini, na kisichopatikana kinaagizwa Kariakoo jioni, kikapakiwa kwenye basi la usiku, ukakipokea asubuhi. Hakikisha tu unanunua zile za kasha la kawaida, maana baadhi ya kompyuta ndogo za makampuni zina pawa saplai zenye umbo la peke yake, na hizo kuzipatia kipuri ni kazi. Kwa kasha la kawaida, fundi wa mtaani mwenye akili timamu anakurudishia mashine siku hiyo hiyo, wakati ile ya waranti itafungwa kwenye boksi, itasafiri kilomita zipatazo 450 kwenda Dar es Salaam, itasubiri foleni, kisha itarudi, tuseme baada ya wiki mbili. Kwa mwanafunzi anayetumia kompyuta kutazama filamu, wiki mbili si kitu. Kwa steshenari katika msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wanafunzi na wazazi wakiwa wamepanga mstari na fomu za kuskani, wiki mbili bila mashine zinaweza kukugharimu kuliko madabodi yenyewe.

Hesabu ya laptopu ni tofauti kidogo, kwa hiyo tuifanye polepole. Asilimia 15 ya shilingi 1,800,000 ni shilingi 270,000. Tuseme tatizo kubwa kuliko yote ambalo waranti ingelifunika ni madabodi kufa kwa kasoro yake yenyewe, na tuseme kuibadilisha kungekugharimu shilingi 600,000. Ukigawanya 270,000 kwa 600,000 unapata asilimia 45. Maana yake ni kwamba malipo hayo yanakuwa na faida ikiwa uwezekano wa madabodi kufa kwa kasoro ya kiwandani katika mwaka wa pili na wa tatu ni karibu nusu kwa nusu. Laptopu yenye uwezekano mkubwa namna hiyo wa kufa haifai kununuliwa kabisa, hata kwa waranti ya miaka kumi. Bei za vipuri hubadilika, na laptopu yako inaweza kuwa na madabodi ghali zaidi. Weka namba zako mwenyewe, lakini ufanye mgawanyo huo huo, na kumbuka kuondoa kwenye hesabu kila kitu ambacho waranti haikifuniki.

Hata hivyo, hesabu hiyo haimalizi jambo, kwa sababu mtu halipii tu wastani, analipia pia kutoanguka vibaya. Laptopu nyembamba za siku hizi zina ramu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, na baadhi hata diski, hivyo kijisehemu kimoja kikifa unabadilisha karibu mashine nzima. Kama laptopu hiyo ndiyo itakayobeba hesabu zote za biashara, na kama ikifa huwezi kupata shilingi 600,000 bila kukopa kwa riba, basi kulipa shilingi 270,000 ili ulale usingizi kunaeleweka, mradi waranti yenyewe iwe ya kweli. Vivyo hivyo kwa ofisi kubwa. Ukizipita ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba utakuta mashine zilizonunuliwa na waranti ya miaka mitatu ya fundi kufika ofisini, na hakuna ubaya: taasisi yenye mashine mamia ina bajeti iliyopangwa mwaka mzima na taratibu za manunuzi zinazofanya kumlipa fundi wa ghafla kuwa shida kuliko tatizo lenyewe. Wewe unaweza kumlipa fundi kwa simu mchana huo huo, kwa hiyo usijipime kwa kipimo chao.

Waranti ya kweli ni ipi? Kuna waranti ya kampuni iliyotengeneza mashine na kuna waranti ya duka. Ya kampuni inafungamana na namba ya mashine, ile iliyobandikwa chini ya laptopu. Kwa Dell, HP na Lenovo, unaingia kwenye tovuti ya kampuni, unaandika namba hiyo, na unaonyeshwa tarehe ya mwisho wa waranti na aina ya huduma: je, ni ya kupeleka mashine kituoni au ya fundi kukufuata. Ufanye ukaguzi huo dukani kwa simu yako, kabla ya kulipa. Angalia pia waranti hiyo inatumika nchi gani, kwa sababu laptopu iliyoingizwa kutoka Dubai au Marekani inaweza kuwa na waranti hai isiyohudumiwa Tanzania. Ya duka, kwa upande wake, ina nguvu sawa na duka lenyewe. Mtu akikuahidi miaka mitatu, jiulize kama fremu yake itakuwepo miaka mitatu ijayo. Nimeona maduka mazuri tu yakihama au kufunga, na karatasi zao za waranti zimebaki kwa wateja.

Kuhusu ofa kuwa ya siku ya kununua tu, usikubali kusukumwa. Kampuni kubwa kwa kawaida huruhusu mteja kuongeza muda wa waranti wakati wowote kabla ile ya kwanza haijaisha. Ina maana unaweza kuitumia laptopu miezi kadhaa, ukaona tabia yake na ya umeme wa fremu yako, ndipo ukaamua. Na usiichanganye waranti hii na ile nyingine inayofunika ajali, yaani kuanguka na kumwagikiwa. Hiyo ni bidhaa tofauti, inakaribia kuwa bima, na kwa laptopu inayobebwa kila siku kati ya nyumbani na dukani ina maana zaidi kuliko ya kasoro za kiwandani. Kama muuzaji wako anayo kwa bei ya kuzungumzika, iulizie.

Printa ndiyo nisingeilipia hata kwa nusu ya bei hiyo. Waranti za printa za matangi ya wino mara nyingi huwekewa vikomo viwili, muda na idadi ya kurasa, na inakwisha kwa kile kinachotangulia. Tuseme kikomo ni kurasa 30,000. Steshenari ya jirani na chuo inaweza kutoa kurasa 300 kwa siku bila kushangaza mtu. Kwa kasi hiyo kikomo kinafika ndani ya siku 100 za kazi, yaani miezi minne hivi, na printa yenyewe inahesabu kila karatasi ndani yake, haibishaniwi. Utakuwa umelipia miaka mitatu na kupata theluthi ya kwanza ya mwaka. Zaidi ya hapo, vinavyochoka kwanza kwenye printa hizo ni mipira ya kuvuta karatasi na pedi inayonyonya wino taka, ambavyo huhesabiwa kuwa vitu vya matumizi, na ukiweka wino usio wa kampuni na kichwa kikaziba, jibu la dai lako unaweza kulikisia. Ulizia kikomo cha kurasa, lakini kwa ajili ya ile waranti ya bure.

Sasa zile shilingi 742,500 zifanye nini? Kwanza kabisa muite fundi umeme aipime fremu yako. Fremu nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haujafungwa popote, na dalili yake ni kwamba ukigusa kasha la chuma la kompyuta unasikia linakung'ata kidogo, hasa ukiwa miguu wazi. Bila ethi, vizuizi vingi vya umeme wa ghafla havina pa kuupeleka. Baada ya hapo nunua UPS mbili (vifaa vyenye betri vinavyoishikilia kompyuta umeme unapokatika) zenye kirekebisha volti ndani yake, moja kwa kila kompyuta ya mezani na skrini yake. Ukija kupata printa ya leza au mashine kubwa ya fotokopi baadaye, usizichomeke kwenye UPS hizo. Zinavuta umeme mwingi wakati wa kupasha moto na zinaweza kuizidishia UPS mzigo. Betri ya UPS yenyewe utaibadilisha baada ya miaka michache, hilo lihesabu tangu sasa. Weka pawa saplai moja ya akiba kabatini, na diski ya nje ya kunakili kazi kila jioni. Vyote hivi vinaingia ndani ya kiasi hicho na chenji inabaki; hiyo chenji iweke kwenye akaunti ya simu usiyoigusa, iwe ndiyo waranti yako, ambayo haikatai dai kwa sababu ya umeme.

Hiyo diski ya nje nimeitaja kwa makusudi. Hakuna waranti ya kompyuta inayorudisha mafaili. Diski ikifa ndani ya waranti unapewa nyingine tupu, na ile ya zamani mara nyingi inabaki kwao, ikiwa na nakala za vitambulisho, vyeti na fomu za wateja wako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekaa na taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, kwa hiyo futa mara kwa mara usivyovihitaji, na uliza mapema kama unaweza kubaki na diski iliyoharibika.

Kuhusu haki zako bila waranti yoyote: maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yanayopigwa muhuri kwenye risiti yasikutishe kupita kiasi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora unaofaa kuuzwa, isipokuwa kwa kasoro ambazo ulipoikagua ungepaswa kuziona. Ndiyo maana ukaguzi wa dukani ufanywe sawasawa: washa kila mashine, jaribu kila tundu la USB, angalia skrini nyeupe kama ina madoa, chapa kurasa kadhaa. Dai risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi, na omba namba ya kila mashine iandikwe kwenye ankara au hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu madai mengi ya waranti hufia kwenye ubishi wa kama mashine hii ndiyo ile waliyokuuzia.

Ukishafungua duka, zifanyishe kazi ngumu mashine zote katika wiki za mwanzo, ziwake kutwa, zichape, ziskani, ili kasoro yoyote ya kiwandani ijitokeze wakati ule mwaka wa bure bado mbichi. Kisha weka alama kwenye kalenda mwezi wa kumi tangu siku ya kununua. Mwezi huo mpelekee fundi laptopu aangalie feni, bawaba za kioo, uzima wa betri na afya ya diski, na ukague tena waranti kwa namba ya mashine. Kama kuna kinachosuasua, kidai kabla mwaka haujafunga. Na kama wakati huo kampuni inakuuzia mwaka mmoja wa ziada, fundi wake akiwa anafika Dodoma, kwa bei iliyo chini ya asilimia 10 ya thamani ya laptopu, mimi ningeichukua kwa hiyo laptopu peke yake.